Wapenzi wa hevi metali Moshi na Arusha: niilipie santuri ya mwisho ya Megadeth sasa hivi au nisubiri itoke?

Gitaa la Pasua
Wakuu, kwema? Tangu Agosti mwaka huu wa 2025 Dave Mustaine, kiongozi wa bendi ya Megadeth ya Marekani, alipotangaza kwamba wanatoa albamu moja ya mwisho, wanafanya ziara ya kuaga, halafu basi, sijatulia. Albamu inatoka tarehe 23 Januari 2026 na imepewa jina la bendi yenyewe. Mimi naitaka kwenye santuri, mambo ya kusikiliza kwa bando nimechoka nayo. Mashine ya kupigia santuri ninayo, ya baba mdogo, ipo sebuleni inapiga Mbaraka Mwinshehe mpaka leo.

Shida ni kalenda. Kaka yangu yuko Ujerumani, na sisi Wachaga mnatujua: Krismasi yuko Marangu kwenye mbuzi, Januari ikianza tu kapanda ndege. Santuri inatoka yeye ameshaondoka. Anasema nimtumie hela sasa alipie mapema, iletwe kwake, ya kuifikisha huku tutajua mbele ya safari. Bei yake na usafiri inakaribia kodi ya chumba changu ya mwezi.

Halafu na albamu yenyewe sina hakika nayo. Wimbo wake wa kwanza, Tipping Point, ulipotoka Oktoba nilikesha nao, magitaa yanakimbizana kama enzi zile. Ikaja I Don't Care, nikabaki nakuna kichwa. Ina upanki panki hivi, maneno mepesi. Nyie mmeionaje? Nilipe au nisubiri?

Chalii wa Sakina
Lipa. Bendi imeanza 1983, leo unataka kuibonyezabonyeza kama parachichi sokoni Kilombero?

Binti Njiro
Mimi I Don't Care nimeielewa kuliko ile ya kwanza, na mnaoshangaa panki kwa Mustaine naona hamjamfuatilia. Mwaka 1988 walirudia wimbo wa Sex Pistols, bendi ya panki ya Uingereza, na Steve Jones mwenyewe, mpiga gitaa wa Sex Pistols, akaingia studio kupiga nao. Kwa hiyo huyu mzee anaaga na muziki aliokuwa anaupenda toka ujana. Sasa mlitaka kila wimbo uwe na solo tano?

Gitaa la Pasua
Tano chache dada.

Nipo Nipo
Nimeingia nikidhani ni bendi ya injili. Naomba kutoka taratibu.

Kaseti ya Zamani
Mdogo wangu Pasua, nikupe historia kidogo kabla hujatuma hela.

Megadeth wana albamu za kuwekea nadhiri: Rust in Peace ya 1990, Countdown to Extinction ya 1992. Lakini hao hao ndio waliotoa Risk mwaka 1999 na Super Collider mwaka 2013, na zote mbili kuna watu walilipia kwa sababu tu ya jina kwenye jalada. Kwa hiyo hoja ya "ni Megadeth, lipa" mimi siikubali.

Sauti nayo tuseme ukweli. Mzee aliugua saratani ya koo 2019, akapona, akarudi kazini. Siku hizi anaongea na kung'ata maneno zaidi kuliko kuimba. Kwenye Tipping Point inakaa vizuri kwa sababu muziki wenyewe una hasira. Kwenye wimbo wa taratibu sijui itakuwaje. Yule mpiga gitaa wao wa sasa, kijana wa Kifini, Teemu Mäntysaari, mimi ananitosha. Wanaomlilia Marty Friedman, mpiga gitaa wao wa zamani, waendelee kulia, aliondoka 2000 na maisha yake yako Japani.

Ila kuna kitu kimoja kinanifanya nisiseme "usinunue". Wameurudia wimbo wa Ride the Lightning. Kwa wasiojua: Mustaine alikuwa bendi ya Metallica, wakamfukuza Aprili 1983 wakiwa New York, wakampandisha basi la kurudi California, siku kadhaa barabarani na hasira yake. Megadeth ilizaliwa kwenye hasira hiyo. Mwaka uliofuata Metallica wakatoa Ride the Lightning na jina lake limo kati ya watunzi. Sasa anaaga, anauchukua wimbo ule anaupiga na bendi yake. Wengine wanasema bado ana kinyongo, wengine wanasema ndiyo anakizika. Vyovyote vile, mimi nataka nisikie anavyolishika lile gitaa.

Ushauri wangu: mwambie kaka asubiri tarehe 23, asikilize, akupigie. Nakala haziishi siku moja.

Chalii wa Sakina
Za kawaida haziishi. Santuri za rangi zinaisha, mzee wangu.

Kaseti ya Zamani
Rangi haipigi gitaa.

Mlango wa Machame
Mimi ni mwongoza wageni mlimani. Januari na Februari hali ya hewa ni nzuri, wageni wengi, na kila msimu naona fulana za bendi za metali, Iron Maiden na Slayer, zikipanda. Najua unachowaza. Usimwombe mgeni akubebee, kampuni nyingi zinakataza kabisa kuomba wageni vitu. Lakini kama kaka yako ana rafiki anayekuja kupanda, hilo ni jambo lao wenyewe. Aibebe kwenye begi la mkononi. Mabegi makubwa yanarushwa, mimi huwa nayapokea na kuyaona.

Mtu wa Mizigo
Na ukitumia posta ujue kodi inapigwa kwenye bei ya kitu pamoja na usafiri wake. Kuna ushuru, kisha VAT asilimia 18 juu yake. Risiti iwe ndani ya kifurushi, la sivyo watakukadiria wenyewe. Januari Moshi ni joto, santuri ikilazwa stoo chini ya maboksi mengine inapinda.

Fundi Spika
Mnabishana santuri na hakuna aliyeuliza sindano. Pasua, hiyo mashine ya baba mdogo sindano ilibadilishwa lini? Sindano iliyokwisha inachimba mifereji, na mashine nyingi za zamani mkono wake ni mzito. Mbaraka ameshazoea. Santuri mpya ukiipiga humo mara chache, ile milio ya juu, matoazi na solo, inaanza kukwaruza na hairudi.

Gitaa la Pasua
Lini? Sijawahi kuona ikibadilishwa toka nizaliwe.

Basi nimeelewa. Kaka nitamwambia asubiri atoe ripoti, hela naanzia kwenye sindano. Imebaki bi mkubwa tu, anasema jina la bendi lina mauti ndani.

Binti Njiro
Mwambie Mustaine ameokoka miaka mingi. Si utani.

Gitaa la Pasua
Nimemwambia. Ameuliza anasali kanisa gani.

Fundi, nikuletee sindano tu au vipi?

Fundi Spika
Lete mashine nzima, usichomoe kitu. Na ufunge mkono wake kwa uzi kabla hujapanda boda.