Nimeuziwa kopo la kijani kwa jina la ovadraivu, na duka limekataa kunirudishia pesa

Wanamuziki wenzangu wa Pwani, leo salamu mtanisamehe. Hili jambo limenikaa kooni tangu Jumapili na nisipolitoa hapa nitalitoa kwa mtu asiyehusika.

Kuna duka moja la vyombo vya muziki hapa kisiwani Mombasa, jina silitaji. Mwezi uliopita niliingia nikaomba ovadraivu ya bei nafuu, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachokwaruza sauti ya gitaa. Nikaeleza kabisa: nataka ya mkondo wa Tube Screamer, ile ovadraivu maarufu ya kijani, au SD-1 ya kampuni ya Boss hata iwe imetumika. Kijana wa kaunta humwita kila mteja bosi, kwa hivyo niliposema "Boss" akaitika, "Naam, bosi wangu." Ningeondoka pale pale. Akanitolea kisanduku cha kijani kisicho na jina la maana, akasema, "Hii ndiyo ile ile, kiwanda kimoja, tofauti ni lebo tu." Nikaomba niijaribu. Ati ampi, zile spika za kukuzia sauti ya gitaa, hazina umeme. Taa zinawaka, feni inazunguka, ila ampi hazina umeme! Nikalipa shilingi 4,500, na adapta ya umeme 600 juu yake. Ujinga wangu naujua, msinikumbushe.

Jumapili nikavuka feri na gitaa mgongoni, kanisa letu liko Likoni. Kwaya imefika kibwagizo cha mwisho, mpiga kinanda akanipa ishara nichukue solo. Nikakanyaga. Lo! Ilitoka sauti ya nyuki ndani ya debe. Na nilipoinua kidole kwenye nyuzi, mngurumo ukabaki pale pale, mmmmmm, hadi mama mmoja wa safu ya mbele akageuka kuangalia kama ni jenereta. Mtu wa mitambo akanizima. Solo nikaimaliza bila sauti, vidole vinakimbia, waumini wananitazama.

Nyumbani nikaanza na adapta. Ina kibandiko kimeandikwa 9V. Nikakikwangua kwa ukucha, chini yake pameandikwa 12V. Nikaiweka kando, nikatia betri ya mraba ya volti 9: mngurumo ukaisha, nyuki wakabaki. Basi nikachukua bisibisi nikafungua tumbo la kile kisanduku.

Kwa wasiojua: Tube Screamer ina diodi zake (vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye njia ya mrejesho ya chipu, ile inayorudisha sauti iliyokuzwa kwenye mlango wa kuingilia. Zinakata vilele vya wimbi taratibu, na sauti yako safi inabaki imechanganyika humo ndani, ndiyo maana ukipiga kwa upole inakusikiliza na ukikaza mkono inakwaruza. Tena inapunguza besi na kuinua sauti za kati, pale karibu na hezi 720, na hiyo ndiyo siri ya gitaa kusikika katikati ya kinanda na besi bila kuongeza volyumu. SD-1 ya mwaka 1981 ni ndugu yake wa karibu, ila diodi zake hazilingani, upande mmoja mbili na upande wa pili moja, kwa hivyo inakata pande mbili za wimbi bila usawa na ladha yake ina ukali kidogo. Sasa distoshoni, yaani kisanduku cha mkwaruzo mkali zaidi, kama DS-1 ya Boss ya 1978, ni habari nyingine: diodi zinakaa baada ya chipu na kuelekea ardhini (upande wa sifuri wa umeme), wimbi linafyekwa sawasawa kama nyasi.

Kisanduku changu? Diodi mbili, baada ya chipu, ardhini moja kwa moja. Na chipu yenyewe namba zake zimesuguliwa na msasa zisisomeke. Ni distoshoni iliyopakwa rangi ya kijani, jamani. Ni sawa na kuagiza mahamri ukaletewa viazi karai, ukalalamika ukaambiwa vyote vimepita kwenye mafuta.

Jumatatu nikarudi dukani. "Bosi, umeiunguza wewe." Nimeiunguza vipi, nami nimehamisha diodi kwa kukanyaga? Akanionyesha mhuri kwenye risiti: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Akacheka, akahudumia mteja mwingine.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba pesa ile ile, ukiongeza kidogo, inapata kitu. Wiki hii nimeazima za marafiki nikazipiga zote kwenye ampi yangu ya transista. Joyo Vintage Overdrive ni mzunguko wa Tube Screamer ndani ya chuma, na kwa masikio yangu inatosha kabisa. Behringer TO800 sauti yake inakaribia sana, lakini kasha ni plastiki. Ya kupigia chumbani ni sawa, ya kurushwa kwenye matatu ya Mtwapa usiku wa manane sina imani nayo. SD-1 ndiyo niliyoipenda, draivu (mkwaruzo) ikiwa chini na levo (ukubwa wa sauti) juu, solo inatoka mbele yenyewe. Blues Driver, nyingine ya Boss, ni tamu kuliko zote lakini bei yake si ya mtu wa bendi ya hoteli. Na msinianzie ubishi wa TS808 na TS9, matoleo mawili ya Tube Screamer, zinapishana rezista mbili za kwenye mlango wa kutokea.

Zote hizo, kagua matundu ya kuchomekea waya kabla ya kulipa. Chumvi ya bahari yetu haina huruma na kutu huanzia hapo.

Nyongeza, saa mbili usiku: mnaoniambia tatizo ni kuchomeka kwenye mikisa (meza ya kuchanganya sauti), someni vizuri. Ni kweli hata Tube Screamer halisi ukiipeleka moja kwa moja kwenye mikisa italia kama mbu, maana spika ya gitaa ndiyo hukata ule ukali wa juu. Lakini mimi nilikuwa kwenye ampi, na maikrofoni mbele ya spika.

Nani ana SD-1 iliyotumika, hata rangi iwe imebanduka, anayekubali nije na gitaa langu niijaribu kwanza? Nalipa taslimu, niko Kisauni. Kopo la kijani nitamwachia bure, lina uzito mzuri wa kuzuia mlango kusi ikivuma.