Kompaila yangu imegoma kwenye moduli, wakuu naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

Kijana wa Ilala: Wakuu habari za jioni. Nina lugha yangu ndogo ya programu nilianza nikiwa chuo, kompaila (programu inayotafsiri kodi) inaigeuza kuwa lugha ya C, halafu GCC, kompaila ya C, inamalizia. Kuna ofisi moja ya mikopo wanaitumia kupiga hesabu za riba na faini. Ilianza faili moja, sasa ziko 31, na kompaila inazibandika zote pamoja kama #include, jina likijirudia kwenye faili mbili kila kitu kinalala. Nataka moduli za kweli, kila faili iseme inaleta nini na inatoa nini. Majina ya kila moduli niyahifadhi kwenye faili ya pembeni au nisome upya kila mara? Wiki nzima silali.

Mzee wa Pointa: Pole mdogo wangu. Wenzio wa lugha ya C++ waliziweka moduli kwenye toleo la C++20, GCC 11 inatoka 2021 bado ilibidi uziwashe kwa mkono kwa swichi ya -fmodules-ts, na CMake, ile inayopanga ujenzi wa programu, imekuja kuzikubali rasmi kwenye toleo la 3.28 mwisho wa 2023. Na kazi haikuwa kusoma neno import, kazi ni foleni. Zamani kila faili ilijikompaili kivyake, prosesa yako ina kori nane unapiga faili nane kwa mpigo, moduli zikija anayeletwa lazima atangulie, so kwanza upite faili zote ujue nani anamtaka nani. Mimi hapo nilikaa mwezi mzima, wife akadhani nimepata mchepuko.

Bint Tanga: Faili 31 soma upya tu, hutaona tofauti. Kuna zinazoitana kwa mzunguko?

Kijana wa Ilala: Zipo chache dada, sio ishu.

Bint Tanga: Chache ngapi?

Kijana wa Ilala: Mbili. Mikopo inaleta riba, riba inaleta mikopo. Ila nimeshamaliza hilo, kompaila ikikuta faili ambayo bado iko katikati ya kuisoma inairuka. Ukianzia riba inapita, maana fanksheni naiachia C izitafute mwishoni. Ukianzia mikopo ndo inatoa "riba, mstari wa 14: aina Mkopo haijulikani". Nimewaambia waanzie riba.

Bint Tanga: Hapo hujamaliza, umeficha. Python nayo inakuacha uzunguke halafu inakuangukia kwenye moduli iliyoanza nusu. Go inakataa mzunguko palepale. Kataa na wewe, na uwaonyeshe njia nzima: riba, mikopo, riba.

Kijana wa Ilala: Siwezi, nimeshawaahidi hawatagusa faili zao hata moja.

Kitunguu Maji: Na hela umechukua?

Kijana wa Ilala: Nusu. Mama alikuwa anaumwa.

Kitunguu Maji: Mdogo wangu hizo ni hesabu za wakopaji, mama ntilie anaweza kukatwa faini isiyo yake kisa faili imerukwa. Kawaambie ukweli.

Kijana wa Ilala: Kaka ikirukwa haikompaili kabisa, haitoi hesabu ya uongo.

Jogoo la Shamba: Chai hii. Ofisi ya mikopo iache Excel itumie lugha ya dogo wa chuo? Na mama mgonjwa ndani. Mods futeni.

Mzee wa Pointa: Hata mimi nimeanza kuguna. Dogo weka kodi tuone.

Kijana wa Ilala: Jogoo mwenye ofisi ni mjomba wangu, ndo maana walinikubalia, na ndo maana naogopa. Sikutaka kusema. Kodi hii, faili ya riba:

leta mikopo
fanksheni kokotoaRiba(m: Mkopo)
  rudisha m.salio * m.asilimia / 100

Kuna maelezo marefu hapo kati nimeyatoa, hiyo ya fanksheni ndo mstari wa 14.

Bint Tanga: Sasa hiyo inamtaka Mkopo wa nini? Inatumia namba mbili tu. Ipe salio na asilimia, futa leta mikopo, mzunguko umekatika.

Jogoo la Shamba: Sawa dogo, nafuta neno chai. Mjomba ni mtihani.

Kijana wa Ilala: Nimempigia mjomba, kaniruhusu kugusa faili. Nikaweka kompaila ikatae mzunguko kama dada alivyosema. Riba imepita, sasa inaandika faini, mikopo, faini. Hiyo nilikuwa siijui kabisa. Nakata na hiyo, nikimaliza narudi hapa.