Mtoto akifumba macho mawimbi ya ubongo yanakuwa makubwa, ni kawaida?

BintiMajengo
Asalam aleikum wapendwa. Jana nimempeleka mdogo wangu wa miaka 11 kupimwa EEG, ile ya kubandikwa nyaya kichwani na jeli, juu shuleni wasema mara nyingi yuwatumbua macho tu, ukimwita haitiki. Nilikaa pembeni natazama skrini, mistari yapita midogo midogo ya haraka haraka, yule dada wa mashine akamwambia fumba macho, na wallahi hapo hapo ile ya kisogoni ikawa mikubwa, meno sawasawa kama msumeno. Akimwambia fumbua, yapotea. Karudia hivyo kama mara nne. Nikauliza ni nini, akasema hio ni alfa, daktari ataeleza wiki ijayo. Usiku sikulala. Kwani mtu akifumba macho si ubongo wafaa utulie, mbona wapiga mawimbi makubwa? Na yahusiana vipi na kutosikia akiitwa?

Waya_21
Waleikum salam dada, kwanza lala. Mie kazi yangu ndo hio ya kubandika nyaya. Alfa kisogoni mtu akifumba macho, ikipotea akifumbua, ndo kitu tunachokitafuta kwa mtu mzima na kwa mtoto wa umri huo. Yapiga kama mara 8 mpaka 13 kwa sekunde. Aliyeiona wa kwanza ni Hans Berger, daktari wa Jena kule Ujerumani, alianza kurekodi mwaka 1924 akatoa maandishi 1929, na wengi hawakumuamini mpaka Adrian na Matthews wa Cambridge waliporudia 1934 wakaiona na wao.

Ukubwa usikutishe. Ushaona watu wakishua jahazi? Kabla hawajaanza kila mmoja yuasema lake, ukiwa mbali wasikia mvumo tu. Wakiitikia pamoja sauti yafika mpaka ng'ambo ya pili, na watu ni wale wale. Seli za kisogoni ndo za kuona, macho yakiwa wazi kila kundi lina shughuli yake, basi mistari yawa midogo. Ukifumba, zaitikia pamoja.

Zamani walidhani alfa ni ubongo uko bure tu. Lakini 1998 mtafiti Foxe na wenzake waliwaandaa watu, mara wangoje kitu cha kuona, mara cha kusikia, na wakingoja cha kusikia alfa ya sehemu za kuona yapanda HATA MACHO YAKIWA WAZI. Yaani ubongo wafunga dirisha moja usikilize mlango mwengine. Na ukiambiwa uangalie kushoto bila kugeuza jicho, alfa yapanda upande wa ubongo unaoshughulikia kulia, ule ambao hauutaki.

fundi_simu_MwembeTayari
Dah hii imenigusa. Mie nikichomelea aisii ya simu na lenzi jichoni, mteja aweza kuniita mara tatu mpaka agonge meza, watu wasema nina kiburi. Na kinyume chake, mamangu akipiga simu na makanga wapiga kelele hapo stejini, nafumba macho na namsikia vizuri. Kumbe ndo hio alfa? Basi mtoto afundishwe kufumba macho darasani akimsikiliza mwalimu.

Waya_21
Kaka hapo kidogo tuende polepole. Kundi moja la watafiti wa Lübeck, Ujerumani, walijaribu jambo hilo hilo, wakalitoa 2020: watu wasikilize sauti moja waache nyengine, mara macho wazi mara yamefumbwa. Alfa ilibadilika zaidi yakifumbwa, lakini kusikia hakukuongezeka. Na kwenye kelele, kumuona anayesema kwasaidia sana, Sumby na Pollack walionyesha hilo tangu 1954. Maneno ya mtu huja kwa mapigo, silabi kama 4 mpaka 8 kwa sekunde, na ubongo wa kusikia huenda na mapigo hayo. Wakiongea wawili, wamfuata zaidi yule unayemtaka. Sasa mdomo nao wafunguka kwa mapigo hayo hayo, ukiutazama jicho lalisaidia sikio. Mtoto akae mbele amuone mwalimu, asifumbe.

Dada, kuhusu huko kuganda, kutumbua macho asiitike, usichukue jibu hapa, hilo ni la daktari na kipimo chote, si alfa peke yake. Ila likitokea tena mrekodi kwa simu, andika saa na limechukua muda gani, halafu mguse bega umuite. Aliyezama kwenye mawazo kwa kawaida huzinduka ukimgusa, kuganda kwa kifafa kwa kawaida hakukatiki kwa kuguswa. Daktari atakuuliza hayo hayo.

BintiMajengo
Shukran sana kaka, Mungu akulipe. Nimeanza leo. Magharibi alikuwa anamtazama paka ukutani, nikamuita mara mbili kimya, nikamgusa bega, akageuka pale pale, "nini dada?", halafu akanionyesha vile paka kabeba mwanawe mdomoni. Ile ya shuleni sijaiona kwa macho yangu, kesho naenda kumuomba mwalimu wake naye amguse bega, aniandikie saa.