Kurekodi udi katika nyumba ya kupanga: nianze na kipi?

Mjukuu wa Taarab, Pangani:
Salaam. Mjomba wangu wa Mombasa, aliyenifundisha kupiga udi (ala ya nyuzi ya taarab), ameniomba nimrekodie vipande vitatu ili asikie nilipofikia. Nimejaribu kwa simu, lakini besi haisikiki, mkwaruzo wa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, unazifunika nyuzi, na sebule yangu yenye sakafu ya vigae inatoa mwangwi kama kisima. Nina shilingi 15,000. Je, ninunue maikrofoni ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, pamoja na kadi ya sauti ya kuiunganisha na kompyuta?

Fundi wa Umoja:
Ndugu, usinunue chochote kabla hujahama sebuleni. Keti katika chumba cha kulala, usimamishe godoro ukutani nyuma ya mgongo wako, kwa kuwa maikrofoni nyingi za kurekodia husikia zaidi upande zinakoelekea, na ukuta ulio nyuma ya mpigaji ndio unaorudisha mwangwi mwingi. Weka maikrofoni, au hata hiyo simu, umbali wa sentimita 30 hadi 40, ukiielekeza pale shingo inapokutana na tumbo la udi. Ukiielekeza kwenye tundu kubwa utapata mvumo mzito, na ukiielekeza risha inapogonga utapata mkwaruzo huohuo unaokusumbua. Kuisogeza kwa upana wa kiganja tu hubadilisha sauti kabisa, kwa hiyo jaribu mara nyingi.

Kuhusu ununuzi, kondensa inafaa, kwani udi una sauti ya upole, na maikrofoni ya dainamiki, ambayo si nyepesi kunasa sauti ndogo, itakulazimu uongeze nguvu hadi usikie "shhh" ya vifaa. Hakikisha tu kwamba kadi yako inatoa volti 48, umeme ambao kondensa inauhitaji. Katika programu ya kurekodia chagua biti 24 (kiwango cha undani wa sauti), na sauti yako kubwa kabisa ikaribie desibeli -12 kwenye kipimo chake, usihofu kuwa sauti ni ndogo.

Binti wa Lamu, South B:
Ninakubaliana na Fundi, ila naongeza tahadhari moja. Wengi watakushauri ukate sauti nene zote zilizo chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) ili kuondoa ngurumo za magari. Usifanye hivyo bila kupima: uzi mnene wa udi, ukikazwa hadi utoe noti ya do kama wafanyavyo wengi, uko karibu na hezi 65, na kuukata ni kuuondolea udi msingi wake. Mvumo wa umeme wetu uko kwenye hezi 50. Huo uzuie kwenye chanzo: chomoa chaja ya kompyuta na uzime friji wakati unapopiga.

Mjukuu wa Taarab, Pangani:
Nawashukuru sana. Jana saa tisa usiku, barabara ilipotulia, nilirekodi kwa simu ileile chumbani, na nyuzi zilisikika moja moja. Limebaki jambo moja: kuna mlio mdogo kila ninapovuta pumzi.

Fundi wa Umoja:
Hivyo ni vifungo vya shati vinavyogusa mgongo wa udi. Vaa fulana.