Mrejesho: kuzuia watumiaji kugusa kazi za Task Scheduler

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza nifanyeje ili wafanyakazi wa ushirika wetu hapa Mbale wasiizime wala kuifuta ile kazi ya Task Scheduler (programu ya Windows inayoendesha kazi zenyewe kwa ratiba) inayonakili hesabu kila jioni.

Ushauri wa kwanza, sera ya kuzuia kufuta kazi kupitia gpedit (kihariri cha sera za Windows), haukusaidia. Sera hiyo ni ya enzi za Windows XP, na kompyuta zetu ni Windows 10. Kilichofaa ni ushauri wa pili: nimewaondoa wote kwenye akaunti za msimamizi, wanatumia akaunti za kawaida, kisha nikaiunda kazi upya mimi mwenyewe kama msimamizi, iendeshwe na SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe). Sasa hawawezi kuihariri wala kuifuta. Uliyenishauri hilo, Mungu akubariki. Hesabu hizo ni za akiba za wakulima wa kahawa.

Umeme ukikatika jioni, nakala ilikuwa haitoki kabisa. Nimeweka alama kwenye chaguo la kuanzisha kazi iliyopitwa na muda, na inaanza kompyuta ikiwashwa (huchelewa kama dakika 10, msishtuke). Lililobaki: mtumiaji wa kawaida bado anaweza kuunda kazi zake mwenyewe. Hilo sijaliweza.