Je, nimpunguzie dosari mhusika wangu wa enzi ya Malkia Victoria?

Swali: Ndugu waandishi, ninaandika riwaya ya kutisha inayotokea Yorkshire mwaka 1865, na mhusika mkuu ni mke wa pili wa mwenye kiwanda cha sufu. Ni mwongo, ana wivu, na hunywa laudanamu (dawa ya afyuni iliyoyeyushwa katika pombe) kila usiku. Waliosoma rasimu wanasema hawampendi. Nimsafishe?

Jibu: Usimsafishe, dada, ila uongo wake upe mizizi. Kabla ya sheria za 1870 na 1882, fedha za mwanamke wa Uingereza aliyeolewa zilikuwa mali ya mumewe, na hata talaka, kwa sheria ya 1857, mume alihitaji kuthibitisha uzinzi tu, ilhali mke alitakiwa kuongeza kosa jingine, kama vile ukatili. Mwonyeshe akishonea sarafu za dhahabu ndani ya pindo la gauni huku akimwambia mumewe kwamba duka limepandisha bei, nao wasomaji watamwelewa hata wasipompenda.

Jibu la pili: Naongezea kuhusu laudanamu. Mwaka 1865 ilikuwa ikiuzwa kwa yeyote, hata dukani kwa muuza vyakula. Sheria ya kuidhibiti ilikuja 1868. Mboni zake ziwe ndogo kama ncha ya sindano, na anaposikia nyayo ghorofani, msomaji asijue kama ni mzimu wa mke wa kwanza au ni afyuni.

Muuliza swali: Pindo la gauni nalichukua. Wivu je?

Jibu la pili: Uelekeze kwa marehemu.