Garimoshi si virusi: mwanafunzi wa Kisumu ameonewa

Ndugu zangu, nimevumilia siku nne na sasa nasema. Katika chuo kimoja hapa Kisumu, ninakofundisha kompyuta jioni, kijana wa mwaka wa kwanza amesimamishwa masomo wiki mbili kwa kosa la kuweka sl, programu ya mzaha inayoonyesha garimoshi, kwenye mashine ya maabara. Barua aliyokabidhiwa inadai ameingiza virusi. Huo ni uongo, na aliyeiandika hakumuuliza hata mmoja wetu tunaoifahamu programu hiyo.

Programu hiyo iliandikwa na Mjapani, Toyoda Masashi, mwaka 1993. Kwenye mifumo ya kompyuta kama Linux, anayetaka kuona orodha ya mafaili huandika amri ls. Vidole vikiteleza akaandika sl, garimoshi lililochorwa kwa herufi na alama hukatiza kioo cha kompyuta kutoka kulia hadi kushoto huku likitoa moshi, na kwa kawaida halisimami kwa Ctrl na C, vitufe vya kusitisha programu, bali utangoja mabehewa yapite. Ukiandika sl -F, linapaa. Halifuti faili, halitumi chochote nje, halijizalishi. Virusi gani hivyo? SL ni kifupi wanachotumia Wajapani kwa garimoshi la mvuke, na linalopita hapo ni D51, aina ya injini ya Kijapani, lenye magurudumu 2 mbele, 8 ya kuvuta na 2 nyuma.

Mpangilio huohuo ulikuwa wa daraja la 29 la reli yetu ya Afrika Mashariki, injini 31 zilizoundwa Glasgow miaka ya 1950 na kupewa majina ya makabila yetu. Marehemu baba yangu alizihudumia Nakuru, akirudi nyumbani nguo zinanuka mafuta mazito, maana ndiyo zilizochoma, si makaa. Kijana huyu alinijia na maswali mengi juu ya injini hizo kwa sababu ya sl, wala hapana kitabu kilichomsukuma. Mji wetu ulikua kutokana na reli iliyofika ziwani mwaka 1901, wakati kituo kikiitwa Port Florence, na leo mtoto wa hapa analiona garimoshi la mvuke kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha kompyuta, kisha tunamwadhibu!

Ni kweli hakuomba ruhusa, na kwa hilo angeonywa yakaisha. Ninadai barua ifutwe, asafishwe jina mbele ya darasa lililomwona akitolewa, na aruhusiwe kufanya mtihani wa Alhamisi. Nimemwandikia mkuu wa chuo mara mbili, na hadi asubuhi hii sijajibiwa.